Kiatu ni cha Mguu, Si cha Macho

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walimlenga yule mvivu anayezunguka ghalani akilitoa kila jembe kasoro, hili zito, lile butu, mpaka jua linatua hajapiga hata tuta moja. Shambani hayo ni kweli tupu. Lakini methali hiyo ukiipeleka barabarani alfajiri, kwa mwanafunzi anayeanza kukimbia, itamponza. Jembe likikuchubua kiganja unaliweka chini. Kiatu kikikuchubua ukiwa kilomita nne kutoka nyumbani, utakiweka wapi?

Mpenzi msomaji, sisi wa Eldoret tumezaliwa katikati ya riadha. Uwanja wetu unaitwa Kipchoge Keino, jina la mtu aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 kule Mexico mwaka 1968. Kaptagat iko upande mmoja, Iten upande mwingine, na asubuhi barabara za vumbi huwa zimejaa wakimbiaji kabla chai haijachemka. Kwa hivyo si ajabu kila muhula unapoanza wageni kadhaa hujiunga na mbio za asubuhi. Na si ajabu pia kwamba baada ya wiki chache baadhi yao hawaonekani tena. Ukiwauliza, hawasemi wamechoka. Watakuonyesha ukucha uliogeuka mweusi, au kisigino kilichochunika hata soksi inanata. "Riadha si yangu," mmoja atakwambia. Kumbe pengine riadha ni yake ila viatu si vyake! Na huko nyumbani mzazi ameshauza gunia la mahindi, au ameweka akiba pesa za maziwa wiki nyingi, ili viatu hivyo vinunuliwe. Sasa vimelala chini ya kitanda.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua viatu vya kwanza vya kukimbilia, viwe vipya vya dukani au vya mtumba. Nia ni moja tu: pesa za mzazi zisipotee na mguu wa mtoto usiumie.

MABINGWA WANATUFUNZA NINI?

Ukimwuliza mwanafunzi anataka viatu gani, aghalabu atakutajia jina la kampuni au jina la bingwa. Basi hebu tuwaangalie mabingwa wenyewe.

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Inasimuliwa kwamba alijaribu viatu vilivyokuwapo vikambana, akaona heri akimbie kama alivyozoea mazoezini. Miaka minne baadaye, kule Tokyo mwaka 1964, alikuja amevaa viatu vilivyomkaa vizuri. Akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Wako wanaotumia kisa cha Roma kusema viatu havina maana. Wanaisahau Tokyo. Mtu ni yule yule, na mara zote mbili aliusikiliza mguu wake.

Sasa tuje kwa Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Miguuni alikuwa na viatu vya majaribio vyenye soli nene, na ndani ya soli hiyo mlikuwa na vibao vyembamba vya kaboni vinavyosaidia kuusukuma mguu mbele. Viatu vya aina hiyo vilianza kuuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa dola 250 za Marekani. Vilileta ubishi mkubwa hadi mwaka 2020, shirika linalosimamia riadha duniani likaweka sheria kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40, na kibao kisizidi kimoja.

Je, mkimbiaji mchanga anavihitaji? La. Hivyo ni viatu vya siku ya mashindano, kwa mtu ambaye misuli na kano zake zimekomazwa na mazoezi ya miaka mingi. Soli nene na laini huyumba ukipiga kona au ukikanyaga jiwe, na kwenye njia zetu mawe si haba. Mwanafunzi anayetaka kukimbia kilomita tano bila kusimama, akivaa kiatu hicho, ni sawa na mtu aliyenunua trekta ili alime bustani ya sukuma wiki.

MGUU WENYEWE

Kabla ya kukijua kiatu, ujue mguu. Wayo mmoja una mifupa 26. Unapokimbia, kila unapotua mguu hubeba uzito wa mara mbili hadi mara tatu ya mwili wako. Mwanafunzi wa kilo 50 basi huukanyagisha mguu mmoja kilo 100 hadi 150. Na hatua zenyewe ni nyingi. Mtu akipiga hatua 170 kwa dakika, kwa nusu saa amepiga hatua 5100. Ikiwa kuna mshono unaosugua kidole kidogo kiasi cha kutojali, utausugua mara 2550 kabla kengele ya kiamshakinywa haijalia. Ndiyo maana kiatu "kinachobana kidogo tu" dukani huwa adui barabarani.

Kuna mambo matatu ambayo wengi hawayajui. Kwanza, miguu miwili ya mtu mmoja mara nyingi hailingani. Pima yote miwili, kisha umnunulie yule mkubwa. Pili, mguu huvimba kadiri siku inavyosonga na kadiri unavyokimbia. Ukijaribu kiatu asubuhi mguu ukiwa baridi, jioni utashangaa kimepungua. Nenda sokoni alasiri. Tatu, sisi wanafunzi bado tunakua. Kiatu kilichokutosha barabara mwezi wa kwanza huenda mwezi wa nane kikawa kinakufinya. Hili lisikufanye ununue kiatu kikubwa mno ati utakifikia, kwa sababu mguu unaoteleza ndani ya kiatu hutoa malengelenge upesi.

Je, raha ya mguu ni anasa? Wapo wanaodhani mkimbiaji wa kweli lazima aumie. Wataalamu wanasema vingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanajeshi walipewa soli za ndani za aina sita wachague iliyowapendeza miguuni. Hao waliochagua walipata maumivu na majeraha machache kuliko wenzao ambao hawakupewa. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, pamoja na wenzake walipendekeza kwamba mkimbiaji akichagua kiatu anachokisikia vizuri mguuni, mwili wenyewe humwongoza kwenye njia yenye hatari ndogo. Kwa maneno ya kwetu: mguu ndio hakimu.

ULIZOEA PEKU AU ULIZOEA VIATU?

Wengi wetu tulisoma shule za msingi za mashambani, tukienda na kurudi pekupeku au kwa slipa. Wengine wamevaa viatu tangu walipojua kusimama. Tofauti hii si ndogo.

Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, na mmoja wa walioshiriki alitoka Chuo Kikuu cha Moi papa hapa Eldoret. Walipima wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa. Walikuta kwamba waliozoea kukimbia peku aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, au kwa wayo mzima, ilhali waliozoea viatu vya kisasa vyenye kisigino kinene wengi hutua kwa kisigino.

Mwanafunzi afanye nini na habari hii? Ikiwa ulikua peku, kiatu chenye kisigino kirefu kitakufanya ujisikie kama unateremka mlima hata mahali tambarare. Tafuta chenye soli isiyoinuka sana nyuma. Ikiwa umezoea viatu vinene, usirukie kiatu chembamba kwa siku moja kwa kuwa umesikia peku ni dawa. Vigimbi vitakaza na kano ya kisigino itauma wiki nzima. Kila badiliko la kiatu liende polepole: wiki ya kwanza dakika kumi tu, kisha uongeze.

JINSI YA KUKIPIMA KIATU

Anza nyumbani. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa ukutani, mwenzako apige alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Kidole hicho si lazima kiwe gumba, kwani watu wengi kidole cha pili kimezidi. Pima kwa rula miguu yote miwili, uandike sentimita. Sababu ni kwamba saizi za viatu zinachanganya. Saizi ya Uingereza hupanda kwa takriban milimita 8.5 kila namba. Ya Ulaya hupanda kwa karibu milimita 6.7. Ya Marekani kwa viatu vya wanaume mara nyingi huizidi ya Uingereza kwa moja. Ndani ya ulimi wa kiatu cha michezo aghalabu kuna kibandiko chenye namba zote hizo pamoja na sentimita. Anza na sentimita, lakini usinunue kwa kibandiko peke yake.

Ukifika sokoni ukiwa na soksi zile zile utakazokimbia nazo, fanya hivi:

1. Urefu. Vaa viatu vyote viwili, funga kamba, simama wima. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Bila nafasi hiyo, kila mteremko utaugonga ukucha mpaka uwe mweusi.

2. Upana. Toa soli ya ndani, iweke chini, uikanyage. Vidole vikimwagika nje ya kingo zake, kiatu hicho ni chembamba kwako. Usibishane nacho.

3. Kisigino. Tembea. Kisigino kisipande na kushuka. Kisha bonyeza ukuta wa nyuma wa kiatu kwa vidole. Unatakiwa uwe imara bila kukukata.

4. Kupinda. Shika kiatu mbele na nyuma ukikunje. Kinapaswa kupinda pale vidole vyako vinapopinda. Kikikunjika katikati kama daftari, kitakuchosha unyayo.

5. Kukimbia. Omba ruhusa ukimbie kidogo, hata kama ni huku na huku mbele ya kibanda. Mtu asiyekubali ujaribu, mwachie kiatu chake.

Hapo ndipo utakaposikia maneno matamu. "Kijana, hii itapanuka tu ukivaa siku mbili." Ngozi hupanuka kidogo, ni kweli, lakini kitambaa na plastiki za kiatu cha kukimbilia hazipanuki kiasi cha kuuokoa mguu. "Ni kubwa? Vaa soksi mbili, basi." Soksi mbili huteleza na kukunjana. "Hii ndiyo ya bingwa, orijino kabisa!" Sawa, lakini bingwa hatakukimbilia. Jibu kwa adabu: "Asante mzee, nizunguke kidogo halafu nitarudi." Muuzaji mwema hatakasirika, na mara nyingi atakuita kabla hujafika mbali, akiwa na jozi nyingine iliyo bora.

KIATU CHA MTUMBA

Tusidanganyane, wengi wetu tutanunua mtumba, na si aibu. Katika rundo la mitumba mna viatu vizuri ambavyo havijatembea mbali. Ila uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kiatu kimesuguliwa kwa brashi na sabuni kiking'ae, na wewe inakupasa ulione lile lililofichwa na mng'ao.

Kiweke juu ya meza au juu ya jiwe lililo bapa, ukitazame kutoka nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikikanyaga upande huo, na sasa kitakulazimisha utembee kama yeye. Kigeuze uangalie soli ya chini. Meno yakiwa yamelika mpaka soli ya kati inaonekana, muda wake umekwisha. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Iliyo hai huingia kidogo na kurudi, iliyokufa ni ngumu kama mbao au ina mikunjo mingi iliyogandamana. Vuta ukingo wa soli uone kama gundi bado inashika. Kwa viatu vilivyokaa sana ghalani kuna hatari nyingine: baadhi ya soli huzeeka hata bila kuvaliwa, zikaanza kumomonyoka kama mkate uliokauka. Mwisho, ingiza mkono ndani. Kitambaa cha kisigino kikiwa na tundu, hapo ndipo ngozi yako itakapochunika.

Usisahau kuvisafisha kabla ya kuvivaa. Fangasi za vidoleni huambukiza. Toa soli ya ndani, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha jaza magazeti makavu ndani ili yanyonye maji. Vianike penye upepo. Usiviweke kando ya jiko, maana moto huharibu gundi na kuikausha soli.

VIATU VISIVYOFAA

Viatu vyeusi vya ngozi vya shule vina kazi yake, na kazi hiyo si kukimbia. Njumu za kandanda zimetengenezewa nyasi. Kwenye barabara ngumu meno yake huugonga wayo kama kokoto. Viatu vya misumari ni vya kiwanjani na vya mbio za nyika siku ya mashindano, wala si vya mazoezi ya kila siku. Raba za turubai zenye soli bapa si mbaya kwa masafa mafupi na kwa aliyezoea peku, ila hazina mto wa kutosha kwa mbio ndefu kwenye lami.

Vipi kuazima? Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na kiatu cha kuazima ni vivyo hivyo. Kiatu hujifinyanga kufuata mguu wa mwenyewe. Cha rafiki yako, hata kama saizi ni moja, kimeshajifunza mguu mwingine.

Na ikiwa pesa hazipo kabisa? Usikae ukilia. Kiwanja cha shule kina nyasi. Anza hapo peku, ukiwa umekagua kwanza kama kuna vigae au miiba, mizunguko michache mara tatu kwa wiki. Utakuwa unaimarisha miguu huku ukiweka akiba. Hilo ni afadhali mara kumi kuliko kukimbia kilomita nane ndani ya kiatu kinachokuumiza.

UKISHAVIPATA

Usivivalie kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Vitembelee siku mbili tatu, kisha vikimbilie masafa mafupi. Kisigino kikiendelea kucheza, tazama tundu la mwisho la kamba karibu na kifundo, ambalo wengi huliacha tupu. Pitisha kamba humo kila upande ili ifanye kitanzi kidogo, pitisha ncha ya kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho, halafu kaza. Kisigino kitatulia bila kuubana wayo.

Jua pia kwamba kiatu hufa. Ushauri wa kawaida ni kukipumzisha kinapofikisha kati ya kilomita 500 na 800, kwa kuwa soli ya kati huwa imeshindwa kurudi. Mwanafunzi anayekimbia kilomita 8 kwa siku tano amemaliza kilomita 40 kwa wiki, hivyo kilomita 500 zitaisha baada ya wiki kama 13, karibu muhula mzima. Anayekimbia nusu ya hapo atakaa nacho mara mbili. Andika tarehe uliyoanza kukivaa nyuma ya daftari lako. Ukianza kuumwa magoti au miundi bila sababu, fungua daftari kabla hujamlaumu mwalimu wa michezo. Na maumivu yakizidi wiki moja hata baada ya kupumzika, mwone daktari.

Neno la mwisho ni kwa wazazi na walimu. Mtoto akisema kiatu kinamwuma, mwaminini. Msimwambie ni uvivu, wala msimwambie wenzake wanavumilia. Kinapobana anakujua yeye aliyekivaa, na huenda katika kilio hicho kidogo mnamwokoa mkimbiaji ambaye angeacha riadha mapema.

Nawe mwenzangu, Jumamosi ukishuka mjini na pesa za mama mfukoni, beba soksi zako, kile kikaratasi chenye sentimita, na subira. Jaribu jozi tatu, jaribu hata sita. Haraka haraka haina baraka. Tutaonana barabarani alfajiri.